Sura ya Sita: Tangi Lililonyamaza

Cherehani ilikuwa ikienda bila uzi wala kitambaa. Inspekta aliisikia tangu kona ya barabara, na alipoingia alimkuta Mshonaji ameketi wima, miguu ikikanyaga pedali, sindano ikipanda na kushuka juu ya chuma kitupu.

"Hodi, dada."

"Karibu, mama afande. Usiniulize kwa nini. Nikiacha, nyumba inanyamaza."

Inspekta hakumuuliza. Tangu mashine ya hewa ilipozimika katika kituo cha kusafishia majitaka, mji mzima ulikuwa ukilala vibaya. Kwa miaka mingi mvumo wake ulipenya kuta zote; watoto walizaliwa ndani yake na wazee wakafia ndani yake, wala hapakuwa na mtu aliyejua kwamba anausikia, hadi alasiri ile ulipokatika ghafla. Alasiri hiyohiyo mume wa Mshonaji, fundi wa mashine hiyo, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Hewa, hakurudi nyumbani. Kesho yake samaki walielea mtoni. Siku iliyofuata polisi waliviokota viatu vyake vya mpira kando ya maji, na mji ukatoa hukumu: Bwana Hewa aligombana na mkubwa wake wa kazi, akaizima mashine kwa kisasi, akauua mto, kisha akajitosa au akatoroka. Waliobishana walibishana juu ya hilo la mwisho tu.

Meza ya kukatia nguo ilikuwa tupu.

"Wamekuja kuchukua vitambaa vyao," Mshonaji alisema. "Hata gauni la bibi harusi, ambalo nilibakiza mikono tu. Mama yake kaniambia hawezi kumvika mwanawe nguo iliyoshonwa na mke wa muuaji wa mto. Kalikunja likiwa halina mikono, akaondoka nalo."

Inspekta alitoa viatu katika mfuko, akaviweka mezani.

"Vitazame vizuri."

Mshonaji alivitazama bila kuvigusa. "Ni vyake. Lakini sivyo alivyovaa siku ile. Hivi ni vya akiba, hukaa kituoni. Alivyotoka navyo nimevitia kiraka kisiginoni, kipande cha tairi, kwa mkono wangu."

"Una hakika?"

"Afande, mume anaweza kumdanganya mkewe. Kiraka hakiwezi."

"Tulivikuta vimepinduliwa. Kila kimoja kimevikwa juu ya kijiti, nyayo zikitazama mbinguni."

Kwa mara ya kwanza mguu wa Mshonaji ulisita juu ya pedali, kisha ukaendelea. Inspekta aliikumbuka mandhari ile: ukungu wa asubuhi, maji ya kijivu, na nyayo mbili zilizochomoza kando ya mto kana kwamba mwenyewe amezikwa kichwa chini.

"Hapa nyumbani huvisimamisha wima mlangoni, vidole vikitazama ndani," Mshonaji alisema. "Husema kiatu kinachotazama nje humwita mwenyewe aondoke. Kule kituoni ndiko wanakovipindua, wote, vyura wasiingie."

"Nani alikuletea habari?"

"Mdogo wangu. Shemeji."

Jina hilo lilikuwa na historia fupi. Ndugu huyo wa tumbo moja na Mshonaji alifanya kazi kituoni chini ya Bwana Hewa. Bwana Hewa akimwita shemeji, na wenzao wote wakaona ndilo jina lake.

"Alilia kuliko mimi," Mshonaji aliendelea. "Tangu siku ile hali chakula. Analala kulekule kituoni. Anasema anatengeneza mota." Aliinua macho. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Kama mume wangu ni mkosaji, nizike mkosaji. Lakini nizike. Msiniache hivi, na mlango ambao siwezi kuufunga."

Inspekta alivirudisha viatu mfukoni. Mtu aliyevua viatu akajitosa huacha viatu alivyovaa. Viatu alivyovaa Bwana Hewa, popote vilipokuwa, bado vilikuwa miguuni mwake.

*

Mlinzi wa lango la kituo alikuwa mzee wa maneno mengi. Kwenye benchi lake palikuwa na ubao wa drafti uliofunikwa kwa gazeti, na gazeti limekandamizwa kwa mawe.

"Mbona umeufunika, baba?"

"Ushahidi, afande. Miaka yote Shemeji ananifunga mimi. Siku nimemweka pabaya, anaondoka mchezo haujaisha. Nasubiri aje akiri. Kwani nyinyi ushahidi hamfuniki?"

"Tunafunika. Mlicheza lini?"

"Siku ya balaa lenyewe."

Inspekta aliyakumbuka maelezo ya Shemeji neno kwa neno: alikuwa langoni akicheza na mlinzi, mashine ikazima, akakimbia kwenye tangi, asimkute mtu. Alilifunua gazeti. Kete zilikuwa zimejipanga katika vumbi kama zilivyoachwa.

"Ilikuwa zamu ya nani kucheza?"

"Yake! Alitazama ubao, akaiona kingi yangu imemkalia shingoni, akaguna, akasema, 'Ngoja, mzee, Bwana Hewa ananisubiri nikamshikie kamba.' Nikamwambia nenda, na wewe ukajinyongee hiyohiyo. Akaondoka anacheka."

"Aliondoka mashine ikivuma?"

"Ikivuma, tena sana. Alipofika pale kwenye matangi akageuka akanitolea ulimi. Mtu mzima na ndevu zake!"

"Halafu?"

"Halafu kimya. Nikajisemea, huyu kwa hasira za kufungwa kaenda kuvunja mashine." Mzee alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Alitazama ubao, akamtazama Inspekta. "Mbona hakuna aliyeniuliza hivi?"

"Wewe uliulizwa nini?"

"Kama nilimwona Bwana Hewa akitoka. Nikasema sikumwona."

"Na lango ni hili moja?"

"Ni hili moja, afande." Alizivuta pembe za gazeti, akaufunika tena ubao taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. "Kwa hiyo hakutoka?"

Inspekta alikuwa ameshaanza kutembea.

*

Mhandisi, mkuu wa kituo, alikuwa mtu wa shingo nyembamba aliyezungumza kwa mpangilio, kila sentensi ikisubiri iliyotangulia imalizike. Inspekta alimwomba amtembeze kwa kufuata njia ya maji, tangu yanapoingia hadi yanapotoka.

"Majitaka ya mji mzima huingia hapa. Wavu huu wa chuma hunasa matambara na mifuko. Mchanga hutuama katika mfereji ule. Kisha maji huingia tangi la hewa, na hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Ndani mna bakteria wasio na idadi, ambao chakula chao ni uchafu wetu. Anayekula sharti apumue. Ndiyo sababu ya mashine kupuliza hewa kutoka chini, mchana na usiku. Wakishashiba hutuama katika tangi la mwisho, na maji yanayobaki juu huenda mtoni, safi kiasi cha samaki kuishi."

"Na hewa ikikatika?"

"Hufa. Uchafu hupita kama ulivyoingia. Mto nao hujaribu kuifanya kazi tuliyoiacha sisi. Huusaga ule uchafu kwa pumzi yake wenyewe, mpaka pumzi ikaisha. Watu wanasema samaki wale walikula sumu. Hawakula sumu, Inspekta. Walikosa hewa."

Walikuwa wamefika. Tangi la pili lilikuwa kavu, mabomba yake yamefumuliwa kwa matengenezo, kwa hiyo mji wote ulikuwa ukipita katika hili moja. Lilipokuwa hai, Mhandisi alisema, lilikuwa la rangi ya kahawia, likichemka bila moto. Sasa lilifunikwa na utando mweusi uliopasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Juu yake ulipita ujia mwembamba wa chuma. Mara kwa mara povu moja lilipanda chini ya utando, likavimba, likapasuka, kana kwamba huko chini kuna mtu aliyetaka kusema neno kisha akaghairi.

"Mota imeungua," Mhandisi alisema. "Shemeji ameifungua mara kadhaa. Hakuna aijuaye mota kama yeye. Tumeagiza nyingine, bado iko njiani."

"Nani aliyesema imeungua?"

"Yeye."

Inspekta alisimama kwenye ukingo. Katika nguzo palikuwa na kisanduku chenye kitufe chekundu. Kioo chake kilikuwa kimevunjwa na kitufe kimezama ndani.

"Hapo ndipo Bwana Hewa alipoizima," Mhandisi alisema.

"Alikuwa na ufunguo wa chumba cha mashine?"

"Daima."

"Basi kwa nini avunje kioo? Kitufe hiki ni cha nini?"

"Cha dharura."

"Dharura ipi?"

Mhandisi aligeuka, akalitazama tangi. Alipojibu hatimaye, maneno yalikuwa yamepoteza mpangilio.

"Mtu akianguka. Akianguka mle. Ni kwamba... wahenga walisema mfa maji hukamata maji. Humu hata maji ya kukamata hayapo. Maji yaliyojaa hewa hayambebi mtu, hata awe mwogeleaji wa aina gani. Anakwenda chini kama jiwe. Ndiyo maana kanuni ya kwanza: usiruke, usirushe kamba, zima hewa kwanza. Hewa ikikoma ndipo maji yanakuwa maji, ndipo boya linafaa kitu." Alishika ukingo kwa mikono miwili. "Hakijawahi kubonyezwa tangu kituo kijengwe. Nilipokikuta kimevunjwa, nilidhani... Viatu vilikuwa mtoni, Inspekta!"

"Viatu vilitugeuza shingo sote tukatazama mtoni. Ndiyo kazi viliyotumwa."

Boya la kuokolea lilining'inia mahali pake, kamba imezungushwa kwa unadhifu. Inspekta aliifungua pindo moja baada ya jingine. Mapindo ya nje yalikuwa meupe. Ya ndani yalikuwa magumu, yameganda tope jeusi lililokauka.

"Kanuni inasema nini juu ya kupita ujiani?"

"Watu wawili. Mmoja anaingia, mwingine anamshikia kamba ya kiunoni. Hakuna anayeingia peke yake."

"Aliyeanguka hawezi kubonyeza kitufe," Inspekta alisema, akiizungusha kamba upya. "Wala hawezi kulirudisha boya kwenye ndoano."

Povu likapanda. Likapasuka. Mhandisi alirudi nyuma hatua moja, kisha, kwa aibu, akavua kofia.

*

Katika chumba cha mashine fundi umeme wa polisi alikuwa akifuta mikono. Shemeji alisimama kwenye kona, mrefu, macho yamezama, ovaroli imemkaa kama imetundikwa ukutani.

"Mota ni nzima, afande," fundi umeme alisema. "Waya mmoja ulichomolewa nyuma ya sanduku. Nimeurudisha. Aliyeuchomoa anajua kazi. Kaufunga na utepe usije ukamdhuru mtu."

"Umesikia, Shemeji? Mota imepona."

"Si ya kuiamini, mama. Itaungua."

"Iungue. Mto unakufa huko nje. Washa."

Shemeji hakuondoka ukutani.

"Nimeona mafundi wavivu," Inspekta alisema, "na nimeona mafundi wezi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona fundi anayeiombea mashine isipone. Washa."

"Tungoje ile mpya."

"Basi nitawasha mimi."

Alinyoosha kidole kuelekea kitufe cha kijani. Kabla hajakifikia, mkono wa Shemeji ulikuwa umemshika kiganja, si kwa nguvu, bali kama mtoto amshikavyo mama sokoni. Fundi umeme alisogea. Inspekta alimzuia kwa macho.

"Usiwashe. Nakuomba, mama yangu. Usiwashe."

"Kwa nini?"

"Atazunguka."

Nje, bomba la mwisho liliendelea kutiririka kuelekea mtoni.

"Nilichelewa," Shemeji alisema. "Alikuwa ananisubiri nimshikie kamba. Lilikuwa tambara tu, limenasa kwenye bomba la hewa, angeweza kuliacha. Mimi niko langoni naihangaikia kingi ya mzee. Akaona siji, akaingia peke yake. Nilipofika niliona kofia yake inacheza juu ya mapovu. Kofia tu. Nikabonyeza. Nikarusha boya. Nikaishika kamba nikangoja ivutwe."

"Ikavutwa?"

"Haikuvutwa."

"Ungepiga kelele."

"Nimwambie nini dada? Kwamba mumewe nimemwacha kwa sababu ya drafti?" Aliachia kiganja cha Inspekta, akaitazama mikono yake. "Nikapeleka viatu mtoni ili watafute kule. Nilisema nitamtoa mwenyewe, pole pole, nimpeleke nyumbani. Nikashindwa. Na kuwasha nikashindwa. Kila nikigusa kitufe namwona anapanda na kushuka humo ndani, anageuzwageuzwa. Nikasema alale. Kama sikumwokoa, angalau alale."

"Na mto?"

"Najua. Yeye ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akiniambia, 'Shemeji, mimi na wewe ndio pua ya mto huu.'"

"Na jina lake? Mji unamwita muuaji, na dada yako anakanyaga cherehani isiyo na uzi."

Shemeji alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Viatu uliviweka juu ya vijiti," Inspekta alisema. "Kwa nini?"

Alionekana kushangaa. "Vyura," alisema.

Inspekta alimtoa nje bila kumfunga pingu. Mshonaji alikuwa ameitwa. Alisimama karibu na lango, kitambaa kimefungwa kichwani barabara.

"Mwambie," Inspekta alisema. "Mimi si tarishi."

Shemeji alimwambia. Alimwambia yote, akitazama chini, na Mshonaji alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Mchezo mliumaliza?"

"Hapana, dada."

Mlinzi, juu ya benchi lake, aligeuza uso.

*

Kuyamwaga yaliyomo tangini kungeuangamiza mto mara ya pili, kwa hiyo Mhandisi aliamuru pampu zihamishie kila kitu katika lile tangi kavu. Tope lilishuka polepole alasiri nzima. Watu wa mji walikusanyika nje ya uzio, pua zimezibwa kwa khanga na mashati; mwanzoni walinong'ona, na baadaye hawakunong'ona. Miongoni mwao alikuwamo mama wa bibi harusi, akiwa na gauni lililokunjwa kwapani.

Bwana Hewa alikuwa sakafuni, chini ya mabomba aliyoyatunza, kama mtu aliyeinama kuyakagua. Walipompandisha wakamlaza juu ya turubai, Inspekta alitaka kuzuia. Mshonaji alikwisha piga magoti. Hakumtazama usoni. Alishika kisigino cha kulia, akafuta tope kwa kidole gumba, mpaka kikatokea kipande cha tairi na mishono yake.

"Ni kiraka changu," alisema, kwa sauti iliyofika kwenye uzio. "Huyu hakutoroka. Alikuwa kazini."

Walipokwisha kumwondoa, tope lilirudishwa tangini. Mhandisi alisimama mbele ya mjane, kofia mkononi, akishindwa kuanza. Kilichobaki hai mle ndani kilikuwa kidogo, alisema. Kila saa ilikuwa na thamani. Lakini kama angependa wasubiri hadi baada ya maziko...

"Mnasubiri nini?" Mshonaji alisema. "Mto haujamkosea mtu. Washeni."

"Nani awashe?"

Alimtazama mdogo wake, aliyekuwa amekaa kati ya askari wawili.

"Yeye. Hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa na mume wangu. Nyingine hakumfundisha."

Inspekta aliwaashiria askari. Shemeji aliingia chumba cha mashine. Kisha sakafu ilitikisika kidogo. Mvumo ulianza chini sana, chini ya sauti, ukapanda, ukapita juu ya uzio na vichwa vya watu na mabati ya nyumba. Tangi likapasuka utando wake, likaanza kuchemka. Pale nje hakuna aliyeshangilia. Mtu mmoja alivua kofia, wa pili naye, na mlinzi akaziokota moja moja zile kete za drafti na kuzitia mfukoni.

Ilikuwa jioni Inspekta alipopita kumrudishia Mshonaji viatu vya akiba, kwa kuwa upelelezi haukuvihitaji tena. Gauni lisilo na mikono lilikuwa juu ya meza. Hapakuwa na aliyeeleza limefikaje. Mshonaji alivipokea viatu, akavipeleka mlangoni, akavisimamisha wima, vidole vikitazama ndani. Kisha akarudi kwenye cherehani, akakaa, akakanyaga pedali kidogo kwa mazoea.

Akainua miguu. Sindano ikasimama.

Nyumba haikunyamaza.